Mdogo wangu ameondoka na vitabu vya hesabu, na Juni 30 ndiyo hiyo inakuja

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Nakuomba unisome mpaka mwisho, maana jambo lenyewe limeanza kwenye kodi na limeishia kwenye damu yangu.

Nilianza na ndoo mbili za dagaa baada ya mama yetu kufariki. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa darasa la nne. Nikamchukua, nikamlea, nikamsomesha mpaka akapata diploma ya uhasibu. Ajira alitafuta akakosa, akaingia kwangu. Na ukweli niuseme, biashara ilikua mikononi mwake. Mimi najua dagaa. Nikimshika tu najua huyu kaanikwa kwenye chanja au kwenye mchanga, najua mteja wa Congo anataka yupi. Mambo ya hesabu sikuwahi kuyashika. Yeye ndiye alikuwa anavuka kwenda visiwani wakati wa giza, wavuvi wanapotoka na taa, ananunua hukohuko mwaloni, ufukweni, kwa pesa taslimu na kuandika kwenye kaunta buku: tarehe, jina la mwenye mtumbwi, ndoo ngapi, bei, magunia, wapagazi, nauli ya mzigo. Akiwa huko alikuwa ananipigia picha ukurasa wa siku hiyo na kunitumia kwa WhatsApp nijue pesa imekwenda wapi. Kila kitu kilikuwa kwake. Alikuwa anakaa kwangu, anakula kwangu, akiwa na shida ananiambia nampa.

Mwaka jana mauzo yalivuka milioni 100. Afisa wa Mamlaka ya Mapato, TRA, alinieleza vizuri tu kwamba sasa natoka kwenye kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo. Natakiwa kuwasilisha ritani ya mapato, yaani taarifa ya mwaka ya kodi, yenye hesabu zilizoandaliwa na mhasibu anayetambulika, na mwisho ni Juni 30. Mdogo wangu akasema nisiwe na wasiwasi, vitabu vipo sawa.

Pasaka tulikaa kikao cha familia kuhusu kiwanja alichoacha mama kule Ukerewe. Maneno yakawa mengi. Mdogo wangu akasema na yeye ana jasho lake katika kila kitu nilicho nacho. Mume wangu akamjibu mbele ya wajomba, "Wewe hapa ni kijana wa kazi kama wapagazi wengine, tofauti yako unalala ndani." Mimi sikusema kitu. Asubuhi yake mdogo wangu alikuwa ameondoka na begi lake na kaunta buku zote za mwaka jana. Nasikia yupo kambi moja ya wavuvi upande wa kisiwa cha Ukara. Simu yangu hapokei. Shangazi yetu alipompata, akamjibu, "Vile vitabu nimeviandika mimi."

Sasa nipo katikati. Mauzo yangu yote TRA wanayaona kwenye mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti. Manunuzi yapo kwenye zile kaunta buku, maana mvuvi wa kisiwani hana risiti ya kukupa. Nilimwendea mhasibu mmoja niliyeelekezwa na jirani, akaniambia hesabu atazimaliza haraka, manunuzi tutayabuni "yakae vizuri". Mume wangu anasema mambo mawili kwa wakati mmoja: nikamripoti kijana polisi kwa wizi, na TRA nisiwaandikie chochote, kwa sababu ukiomba muda umewaamsha wenyewe waje kukukagua. Rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya uvuvi anasema muda unaombwa na wengi wanapewa, ila lazima useme sababu.

Hiyo sababu ndiyo inayoninyima usingizi. Nikiandika ukweli, nimemshtaki mdogo wangu kwenye karatasi ya serikali. Nikiandika kwamba naumwa, nimedanganya. Na ndani ya moyo wangu kuna kitu kingine: nataka ule muda nikiamini huenda ndani yake hasira zitapoa, atarudi na vitabu, yote yaishe. Je, niombe? Na nikiomba niseme nini?

Ni mimi, Mama wa Mwaloni


JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mpaka mwisho, nikarudia tena pale uliposema mumeo alitamka yale maneno na wewe ukanyamaza. Tutafika hapo. Tuanze na kodi kwanza, kwa sababu hiyo ina tarehe.

Kwa ninavyokuelewa, unatakiwa kuwasilisha ritani ya mwaka jana kabla Juni haijaisha. Upande wa mauzo unajulikana, upande wa manunuzi umefichwa kambini. Ukipeleka hesabu bila manunuzi utaonekana umeuza dagaa wa zaidi ya milioni 100 ambao hukuwanunua popote, na faida itakayotokea hapo wewe mwenyewe hujawahi kuiona. Hofu yako ina msingi. Kodi ya mtu binafsi hukatwa kwenye faida, tena kwa ngazi: shilingi 3,240,000 za mwanzo kwa mwaka hazikatwi, halafu asilimia inapanda mpaka kufika 30 kwenye ngazi ya juu. Kwa hiyo kila ukurasa wa manunuzi unaopotea unakusukuma kwenye ngazi usiyostahili. Zile kaunta buku ni pesa kabisa.

Kuhusu kuomba muda, rafiki yako wa vifaa vya uvuvi amekuambia sawa. Sheria inaruhusu mlipakodi aombe aongezewe muda wa kuwasilisha ritani, mradi aombe kwa maandishi kabla tarehe haijapita na aeleze sababu ya msingi. Kamishna Mkuu wa TRA anaweza kukubali au kukataa, na muda wenyewe una kikomo. Ukikaa kimya mpaka Julai, hapo tena unazungumzia kuchelewa, na adhabu ya kuchelewesha ritani huhesabiwa kwa kila mwezi au hata kipande cha mwezi. Mumeo anaogopa kuwaamsha TRA. Mwanangu, mashine yako ya EFD inatoa taarifa kila siku, na afisa alishakuita akakueleza kwamba umebadilika kundi. Sioni nani hapo ambaye bado amelala. Ila nisimdharau mumeo: ni kweli kwamba ukiomba muda huenda ukaulizwa maswali, na ni kweli pia kwamba unaweza kukataliwa. Jiandae kwa yote mawili.

Kuna jambo ambalo wengi huliona wakiwa wamechelewa. Kuongezewa muda wa ritani hakusogezi tarehe ya kulipa. Kodi ambayo ulitakiwa kuimalizia kwa mwaka jana inaendelea kuwa deni tangu tarehe yake, na riba inatembea. Ukihitaji nafuu ya kulipa, kwa awamu labda, hayo ni maombi mengine yenye barua yake. Tena Juni 30 hiyohiyo ni siku ya awamu ya pili ya kodi ya mwaka huu, maana makadirio ya mwaka hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa hiyo hata ukipewa muda, siku hiyo usiende ziwani ukadhani umepumzika. Kaa na mtu anayejua hesabu, mkadirie kwa uaminifu faida ya mwaka jana, mtoe ulichokwisha kulipa, na kama kuna salio lilipe au lipunguze kadiri unavyoweza.

Sasa yule mhasibu wa kubuni. Hapa nitasema wazi kuliko sehemu nyingine. Hesabu zikibuniwa, atakayeweka jina chini ya ritani ni wewe, na kumbukumbu za biashara unatakiwa kuzitunza miaka mitano. Siku afisa atakapouliza "hizi ndoo ulinunua kwa nani", mhasibu yule hatakuwepo dirishani. Adhabu ya maelezo ya uongo ni nzito kuliko ya kuchelewa. Na fikiria jambo moja zaidi: kama vitabu halisi vitarudi mwezi Agosti na havifanani na ulichopeleka, mdogo wako ndiye atakuwa ameshika ushahidi dhidi yako. Hutaki ugomvi wa familia ukae na karatasi ya namna hiyo katikati yake.

Ndipo nakuja kwenye sababu inayokunyima usingizi. Umejipa njia mbili tu, kumshtaki mdogo wako au kudanganya kwamba unaumwa. Mimi naona umesahau kwamba barua ya kuomba muda si jalada la polisi. Anayeisoma anataka kujua kwa nini hesabu hazijakamilika, umefanya nini mpaka sasa, na unahitaji mpaka lini. Unaweza kuandika, na yote yakawa kweli, kwamba huu ni mwaka wako wa kwanza kutakiwa kuwasilisha hesabu kamili. Kwamba aliyekuwa anatunza vitabu aliacha kazi ghafla na kumbukumbu za manunuzi hazijakabidhiwa. Kwamba unakusanya upya ushahidi kutoka kwa wauzaji, benki na kampuni za simu. Na kwamba unaomba muda mpaka tarehe fulani. Hapo hakuna wizi, hakuna jina, hakuna kikao cha Pasaka. Afisa akitaka kujua zaidi atakuuliza, na utamjibu. Wapo watakaokuambia sababu hiyo ni nyepesi kuliko cheti cha daktari. Huenda ni kweli. Lakini unaweza kuisimamia popote, siku yoyote, bila kukumbuka ulidanganya nini.

Polisi je? Ni haki yako kwenda, siwezi kukuzuia, na vitabu ni kumbukumbu za biashara yako kisheria. Ila jiulize unataka nini kitokee baada ya hapo. Kijana akikamatwa pale kambini, je, kaunta buku zitafika Kirumba zikiwa nzima? Kitu kilichoshikwa kama kielelezo kinaweza kukaa muda mrefu kuliko tarehe zako za kodi. Na shangazi yenu atakuwa upande gani?

Kuna jambo umelisema ukalipita haraka. Umesema akiwa kisiwani alikuwa anakupigia picha ukurasa wa siku hiyo na kukutumia. Mwanangu, umezifuta? Kama hujazifuta, shika simu yako leo kabla hujafanya jingine, rudi nyuma mpaka Januari ya mwaka jana, uzihifadhi mahali pawili. Picha zenye tarehe, zilizotumwa siku ileile ya manunuzi, zina uzito. Kisha chukua taarifa ya miamala ya simu na ya benki. Taslimu aliyobeba ilitolewa mahali, kwa wakala au benki, na siku za kutoa zitaangukia kwenye zile siku za giza alizokuwa anavuka, kwa sababu mwezi ukiwa mweupe dagaa hawavuliwi, hata afisa aliyezaliwa huku Kanda ya Ziwa anajua. Kusanya stakabadhi za ushuru, vibali vya kusafirisha mzigo, na nauli za mizigo. Wenye mitumbwi unaonunua kwao mwaka hadi mwaka waombe waandike na kusaini walikuuzia kiasi gani. Huenda usikubaliwe yote. Afisa ana haki ya kukataa matumizi yasiyothibitishwa, na kwa hilo utapoteza kidogo. Lakini hapo utakuwa na hesabu yenye miguu, na mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu, atakuwa na kitu cha kufanyia kazi.

Nimerefusha hili makusudi. Ukishaona kwamba ritani inaweza kuandaliwa hata bila zile kaunta buku, nataka ujiulize swali ambalo tarehe 30 imekuwa ikikuficha: kama vitabu huvihitaji tena, bado utamtafuta mdogo wako?

Najua utasema ndiyo, mbona nimemlea. Basi niruhusu nikuulize jingine kwa upole. Umeniandikia alichokuwa anaandika kwenye vile vitabu: mwenye mtumbwi, magunia, wapagazi, nauli ya mzigo. Kila aliyegusa dagaa wako kwa jasho lake ana mstari wake na pesa yake. Mstari wa mdogo wako uko wapi? Umesema anakula kwako, anakaa kwako, akiwa na shida unampa. Mshahara hujautaja. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kila jioni, aliandika malipo ya mpagazi, na jina lake hakuliandika popote. Halafu siku ya Pasaka anaambiwa mbele ya wajomba kwamba yeye ni kijana wa kazi. Kijana wa kazi angalau analipwa.

Sisemi ulimdhulumu. Ulimpa shule, ulimpa paa, ulimpa mama alipokuwa hana mama, na hayo hayahesabiki. Familia nyingi za hapa Mwaloni zinaishi hivyohivyo na hakuna anayeona ubaya mpaka biashara ikue. Ikishakua, aliyekuwa "anamsaidia dada" anaoa, anataka kujenga, anaangalia miaka yake na hajui aihesabu kwa nini. Nasikia kitu hicho kwenye lile jibu lake kwa shangazi. Anasema ameviandika yeye. Pengine anatafuta mtu wa kukubali hivyo tu. Pengine pia ana tamaa ya kiwanja, sijui, mimi simfahamu kama unavyomfahamu wewe. Ulimsikia upande mmoja, na mimi nimekusikia upande mmoja.

Ungependa arudi ndani ya muda utakaopewa na TRA. Hapo ndipo naogopa kwa ajili yako. Ukimfuata ukiwa na tarehe mkononi, ataona umefuata vitabu, na hatakuwa amekosea sana. Njia moja ni kutuma watu wawili tofauti kwa mambo mawili tofauti. Shangazi, au mjomba mmoja anayemheshimu, aombe vitabu tu, kwa utulivu, hata kwa kuvipiga picha palepale kambini bila kuvichukua. Hilo ni la biashara. Wewe panda meli ya Nansio siku nyingine, uende Ukara, na usitaje kodi. Hatari yake ni kwamba atakataa kukuona, au atakusemea maneno mbele ya wavuvi. Njia nyingine ni kungoja kwanza, umalize ritani, ndipo umwendee ukiwa huna unachokihitaji kwake. Hiyo ina heshima yake, ila miezi ya kimya inajenga ukuta, na wewe ulishanyamaza mara moja.

Kuhusu hilo la kunyamaza, sikulaumu. Mwanamke aliyekaa kati ya mume na ndugu yake mbele ya wajomba ana njia chache. Lakini mumeo na mdogo wako wote wawili walisikia kimya chako, kila mmoja akakitafsiri anavyotaka. Huenda kabla hujavuka maji, mazungumzo ya kwanza ni ya nyumbani, jioni watoto wakishalala, wewe na baba watoto. Si lazima umtake aombe radhi. Mwambie tu biashara hii ilikuzwa na nani, kwa mifano, kama ulivyoniambia mimi. Huenda hajawahi kuisikia kutoka kinywani mwako.

Na kama siku moja mtakaa mezani na mdogo wako kupanga upya, awe mwajiriwa mwenye mshahara au mshirika mwenye fungu, lipangwe kwa mwaka huu kwenda mbele na liandikwe. Usishawishike kuingiza kwenye hesabu za mwaka jana mshahara ambao hukumlipa, hata kama kwa moyo unaona alistahili. Mshahara una kodi yake na michango yake, na huwezi kuulipa kwa kalamu peke yake. Deni la mwaka jana kwake mnaweza kulimaliza kifamilia, kwa namna mtakayokubaliana.

Kwa wiki hii: picha za simu kwanza, kisha taarifa za benki na za miamala, kisha mhasibu mwingine. Ombi la muda peleka mapema, usisubiri tarehe 29 foleni ikiwa imezunguka jengo. Uliza kama wanalipokea kwenye mfumo wa mtandaoni au kwa barua. Ikiwa ni barua, nenda na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Na usihesabu kwamba umekubaliwa mpaka upate jibu la maandishi. Wakati unalingoja, kazi ya kukusanya iendelee kama vile umekataliwa.

Niandikie ukishatoka huko.